Siku Niliyomnyima Mzee Viatu Vyangu Amritsar

Nakiri mwenyewe, kabla hamjaanza kunichokonoa, kwamba mimi Bundala, fundi wa kukereza vyuma, mtu mnayenipisha nikipita na ovaroli yangu pale Mirongo, niliwahi kuangusha kiatu ndani ya chakula mbele ya mamia ya watu, tena chakula cha mahali patakatifu, tena kiatu changu mwenyewe, tena kikitokea kwapani. Mama Kulwa, mke wangu, ndiye aliyeropoka juzi kwenye sherehe ya kipaimara, mkaanza kucheka kabla hamjajua kisa chenyewe kilikuwaje, kwa hiyo afadhali niwasimulie mimi mwenye viatu kuliko mkipate nusunusu kutoka kwake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imeachia biashara ya pamba, kila mwenye uwezo kanda ya ziwa anataka kinu chake cha kuchambulia, na vinu vyenyewe ni vya zamani, gia zimelika, shafti zimepinda, kwa hiyo kazi zilitujaa karakana mpaka mlangoni. Mwenye karakana alikuwa Mzee Harbans, Singasinga mzaliwa wa Mwanza hapahapa, kilemba chake na ndevu zake mnazikumbuka wengine, na Kisukuma alikuwa anakiongea kunishinda mimi wa Magu (akikasirika ndiyo lugha aliyoitumia, Kiswahili aliona hakitoshi). Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, daktari akamkataza kelele na joto, sasa karakana ni nini kama si kelele na joto? Binti zake wawili wameolewa Uingereza. Akataka usimamizi wote wa karakana anikabidhi mimi.

Tatizo ni kwamba karakana haikuwa yake peke yake. Waliianzisha baba yake mzazi na kaka mkubwa wa baba yake, yaani Baba Mkubwa, na sisi sote mafundi tulimwita hivyohivyo, Baba Mkubwa, ingawa mimi sikuwahi kumtia machoni, maana alirudi kwao Amritsar, mji wa kale wa Wapunjabi kule India, kabla sijaajiriwa. Alikuwa mzee sana lakini bila neno lake hakuna kinachoamuliwa, na huyo Baba Mkubwa alikuwa na mjukuu, Jaspal, kijana mwenye cheti cha uhandisi, ambaye mzee huyo alitaka kumleta Mwanza ashike karakana. Mimi cheti changu ni mikono hii.

Basi siku moja Mzee Harbans akaniita ofisini, akafunga mlango. "Bundala, barua nimemwandikia Baba Mkubwa mpaka nimechoka," akaniambia. "Twende Amritsar, Baba Mkubwa akuone kwa macho yake. Akikukubali, karakana unashika wewe. Asipokukubali anakuja Jaspal, na mimi sitakuwa na la kusema."

Mjue nilivyojisikia. Mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu anapanda ndege kwenda kuangaliwa kama anafaa kushika karakana ambayo vinu vya nusu ya mkoa vinaitegemea. Nilitangaza safari hiyo mtaani kwetu Butimba, mtaa mzima, kanisani nikaombewa, shemeji yangu akaniazima koti la suti (shemeji ni mnene, mkumbuke hilo koti lilikuwa pana), na viatu nikavitafuta soko la Mlango Mmoja kwa wiki mbili, kila furushi la mitumba linalofunguliwa nimo, mpaka nikapata pea nyeusi ya ngozi, soli nzito, kisigino kinalia ukitembea. Nilivipenda viatu vile, sisemi uongo. Treni mpaka Dar, ndege mpaka Bombay, treni tena siku moja na nusu, na njia nzima nilikuwa navifuta kwa leso.

Amritsar sasa. Nisikilizeni, mimi huo mji nimeutembea, sikusimuliwa. Vichochoro vimebanana hata baiskeli mbili hazipishani bila ugomvi, huku maduka ya vyombo vya shaba, kule mashuka yaliyotariziwa nyuzi za rangi mpaka macho yanauma, mbele kidogo mtu anakaanga mikate yenye viazi ndani, na kuna mtindi wanaoupiga na sukari wanakupa kwenye glasi inayotosha kuoshea uso. Nilikunywa glasi mbili, nikamwambia Mzee Harbans mtindi wenu mzuri ila maziwa ya kibuyu ya kwa mama yangu hayajapata mpinzani, akacheka, akawatafsiria wauzaji, nao wakataka kujua kibuyu ni nini, ikabidi nichore kwenye karatasi. Jioni moja tulipelekwa mpakani kuona wanajeshi wa nchi mbili wanavyofunga lango, wanarusha miguu juu mpaka kwenye paji la uso, kila upande unataka kuuzidi mwingine, na watu wanashangilia kama uwanjani. Siku nyingine tukaingia kwenye bustani moja yenye ukuta wa matofali, ukutani matundu ya risasi ambazo mkoloni aliwamiminia watu waliokuwa wamekusanyika mle bila silaha. Nilimkumbuka babu aliyekuwa akituonyesha mgongo wake wenye makovu ya kiboko cha enzi za kulimishwa pamba, nikaweka mkono ukutani, na Mzee Harbans naye akaweka wake.

Na kila tulipokwenda watu walitaka kupiga picha na mimi. Mweusi mwenye suti, viatu vinalia, walidhani sijui balozi, na mimi sikukanusha, nilikuwa nasimama na familia za watu nimenyoosha kifua, mabibi wananishika mkono, watoto wanapandishwa kwenye mabega yangu. Kichwa kikavimba. Jaspal ndiye aliyekuwa akituzungusha, kijana mrefu, mpole, mikono laini kama ya karani, Kiswahili hajui hata neno, tunaongea kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa hajaonekana, alikwenda msibani kijiji cha mbali, hivyo siku zote hizo nilikuwa natalii huku roho iko juu.

Siku ya nne asubuhi Mzee Harbans akaniambia, "Mzee karudi jana. Utamwona hekaluni, hakosi kwenda hata akiwa mgonjwa. Tutakula naye."

Hekalu la Dhahabu mnaliona kwenye kalenda za Wahindi, liko katikati ya bwawa, limefunikwa dhahabu kweli, si rangi. Ukifika unafunika kichwa kwa kitambaa, unavua viatu na soksi, unaosha miguu, ndipo unaingia. Viatu unavikabidhi kwenye kibanda, wanakupa kibao cha namba. Mzee Harbans na Jaspal walikuwa wamevaa ndala wakakabidhi haraka kibanda cha kwanza, kwa kijana mmoja, wakanitangulia kumtafuta Baba Mkubwa upande wa jikoni, Mzee Harbans akiniachia maagizo, "Kabidhi, chukua namba, tukutane langoni." Kitu chepesi kama hicho.

Kile cha kwanza kilikuwa kimeshajaa watu, nikaenda kibanda cha pili nimeshika viatu vyangu, na aliyenyoosha mikono kuvipokea alikuwa mzee. Nasema mzee, ndevu nyeupe zinafika kifuani, mikono inatetemeka kidogo, anaweza kuwa babu yangu kabisa, amechuchumaa katikati ya viatu vya watu anavifuta vumbi kwa kitambaa. Nikaganda. Nyie wenyewe mmelelewa huku, niambieni, unampaje mzee wa umri ule kiatu chako? Baba yangu mzazi nilikuwa nampa maji kwa kupiga goti, mkono wa kushoto ulikuwa haumkaribii, sasa nimtupie babu wa watu viatu vya safari nzima, ndani yake soksi za siku ya tatu (nisizieleze zaidi), halafu niende zangu nikaombe baraka? Kwetu hiyo si baraka, ni kujitafutia laana. Nikamwambia, "Nou, nou, baba," nikarudi nyuma. Akanyoosha mikono tena, anatabasamu. Nikavificha mgongoni. Akanyoosha mara ya tatu, nikatikisa kichwa, na hapo nikaona tabasamu limekatika, uso umemwanguka, akashusha mikono taratibu, watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kunitazama vibaya.

Ningesubiri mwingine anipokee. Ningeuliza. Lakini mimi nilijiona nimeonyesha adabu ya hali ya juu, adabu ya Kisukuma, nikageuka kona moja nyuma ya nguzo, nikafungua koti la shemeji, kiatu cha kulia kikaingia kwapa la kulia, cha kushoto kwapa la kushoto, nikafunga vifungo vyote vitatu. Koti lilivyo pana havikuonekana.

Langoni Mzee Harbans akauliza, "Umekabidhi?"

"Nimekabidhi."

"Namba unayo?"

Nikagonga mfuko kwa vidole, mkono ukiwa umebana ubavu. "Ipo."

Ndiyo uongo wangu wa kwanza kwake kwa miaka kumi na saba, na nilimdanganya mlangoni mwa hekalu.

Tukashuka ngazi. Jamani, pamoja na ujinga wangu, pale nilisahau kwa muda. Maji yametulia, dhahabu inajirudia ndani yake, marumaru nyeupe baridi chini ya nyayo, nyimbo za ibada zinasikika kila upande bila kukatika, watu wa kila namna, tajiri, maskini, askari, bibi vizee wanapiga deki. Mzee Harbans akanieleza kwamba hekalu lina milango minne, pande zote nne, maana yake yeyote atokaye popote, wa dini yoyote, ni pake. Aliposema hivyo akaniangalia. Nikajisikia mkubwa, nikasema moyoni, Bundala, wewe wa Magu umefika hapa. Halafu kiatu cha kushoto kikateleza kidogo, nikakibana.

"Mbona unatembea kama kuku aliyenyeshewa?" akaniuliza.

"Baridi, Mzee." (Jua lilikuwa linawaka kiasi cha kukaanga yai.)

Tukaingia kwenye ukumbi wa chakula. Kule kila mtu anakula bure, maelfu kwa siku, mnakaa chini kwenye mikeka kwa mistari, mkurugenzi na ombaomba bega kwa bega, wanapita watu wa kujitolea na ndoo za dengu, wali wa maziwa, na makapu ya chapati. Nikakaa, sinia la chuma liko mbele yangu, dengu imeshamiminwa, Jaspal kulia kwangu na nguo nyeupe pee, Mzee Harbans kushoto. Kukaa chini umekunja miguu huku umebana makwapa si kazi ndogo, jasho lilinitoka mpaka kitambaa cha kichwani kikalowa.

"Huyo anakuja Baba Mkubwa," Mzee Harbans akaninong'oneza, akaanza kunyanyuka.

Nikainua macho. Alikuwa yule mzee wa viatu.

Anakuja polepole kati ya mistari ya watu, amenitazama mimi tu. Wakati huohuo mgawa chapati akafika mbele yangu. Sasa chapati pale haiwekwi kwenye sinia, unaipokea kwa viganja viwili umeviinua juu, ndiyo desturi. Nikatoa kimoja, kiwiko kimebanwa. Mgawaji akasubiri. Nikakitikisa kile kimoja. Akasubiri. Mstari mzima ukageuka. Mzee Harbans akanisukuma kwa goti, akisema huku amebana meno, "Mikono miwili, Bundala, mzee anakuona," na kweli Baba Mkubwa alikuwa amesimama mbele yetu sasa, na mimi kwa woga na kwa mazoea ya kumwona mtu mkubwa nikanyanyua mikono yote miwili kumpa heshima, nikasema, "Shikamoo."

Cha kulia kilitoka kwanza. Kilipita chini ya koti, kikatua kisigino mbele katikati ya dengu, sinia likalia kama kengele ya shule, dengu ikaruka ikamchora Jaspal kuanzia kidevu mpaka magotini. Cha kushoto kikafuata kikabingirika mpaka miguuni kwa Baba Mkubwa, kikatema soksi. Ukumbi wote ukaacha kula. Mtoto mmoja tu, mbali huko, ndiye aliyecheka.

Walinzi wawili wenye mikuki wakaanza kuja. Mzee Harbans akanigeukia akasema kwa Kisukuma, na kwa Kiswahili ni kama hivi: Nimekuleta kutoka Mwanza mpaka hapa ili unizike nikiwa hai. Halafu akafunika uso. Nikajua imekwisha. Karakana nimeiona inaondoka, nimemwona Jaspal amekaa kwenye kiti, nimejiona naingia Butimba, watu wanauliza habari za safari.

Baba Mkubwa akainua kiganja, walinzi wakasimama. Akaitikia, kwa sauti nyembamba, "Marahaba."

Kumbe Kiswahili anakikumbuka. Akauliza, "Kijana, uliniona mwizi?"

Hilo swali ndilo lililonivunja, maana sikuwa nimefikiria kabisa kwamba mzee wa watu angelichukulia hivyo. Nikajibu huku nimepiga magoti kwenye dengu yangu, maneno yakanitoka yote kwa mkupuo, "Hapana mzee wangu, hapana, kwetu mzee hashiki kiatu cha kijana, nikikupa wewe viatu vyangu mimi baba yangu angenifukuza nyumbani, niliona aibu, soksi zenyewe zinanuka, nikavificha, na Mzee Harbans nimemdanganya kwamba nimekabidhi, na namba sina, naomba msamaha wako na wake na wa hii nyumba."

"Kwenu wapi?"

"Magu."

"Magu nimefunga mashine," akasema. "Naijua adabu hiyo, nimeishi nayo miaka thelathini, hata mimi niliipenda." Akachutama, kwa shida, akaokota kile kiatu cha kushoto. "Lakini pale kibandani ni kazi yangu. Nimeiomba mwenyewe ili kichwa kisinivimbe. Leo umeninyima kazi yangu mbele ya watu. Sasa twende ukaifanye wewe."

Nilisafisha dengu mkekani kwa mikono yangu, nikamwomba Jaspal radhi (alikuwa anajifuta kidevu, akasema "Oke, oke," lakini macho hayakuwa oke), nikamfuata mzee mpaka kibandani, nikachuchumaa katikati ya viatu. Kuanzia asubuhi ile mpaka alasiri, balozi wenu alifuta viatu. Viatu vya wakulima vyenye mavi ya ng'ombe, viatu vya mabibi, buti za askari, ndala zilizoshonwa kwa waya, na wale walionipiga picha siku zilizopita wakanikuta pale wakanikabidhi vyao. Saa ya kwanza nililia machozi ya hasira. Ya pili nikaona mpangilio wao wa rafu unachelewesha watu, nikaupanga upya, vya watoto chini, vya wazee karibu ili wasisubiri. Kuna kiatu cha bibi mmoja kilikuwa na msumari umetokeza ndani, nikatafuta jiwe nikaugonga ukalala, nikapitisha mkono ndani kuhakikisha, maana mimi kitu kibovu siwezi kukipita. Baba Mkubwa alikuwa pembeni yangu anafuta vyake, haongei, ila aliniuliza mara moja tu, "Gia ya kinu ikivunjika jino moja, unafanyaje?" Nikamweleza ninavyoijaza na kuichonga. Akarudi kufuta.

Alasiri Mzee Harbans akaja na Jaspal aliyebadili nguo. Baba Mkubwa akanyoosha ile mikono yake inayotetemeka kuelekea kwangu. "Sasa lete vyako," akasema.

Vilikuwa nyuma yangu, kimoja bado kimeganda dengu, soksi ndani. Nawaambieni, kushinda pale nimechuchumaa kulikuwa rahisi. Kumpa vile viatu ndiko kulikoniuma, mikono ilikataa, nikavishika, nikaviacha, nikavishika tena, mpaka nikafumba macho nikavitoa kwa mikono miwili. Akavipokea, akavua kitambaa cha shingoni mwake, si kile cha vumbi, cha shingoni mwake, akafuta dengu kwenye mishono kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, mpaka ngozi ikang'aa, akaniwekea miguuni. Mimi mtu mzima mwenye watoto wanne nilikuwa nalia hadharani wala sioni aibu.

Akamgeukia Mzee Harbans akasema kwa Kiswahili, nadhani ili Jaspal asielewe, "Karakana mpe huyu. Jaspal kesho aje hapa ashike viatu kwanza."

Jaspal, ambaye hakuelewa, akatabasamu akanipa mkono.

Ndivyo nilivyoipata, na nimeishika mpaka leo, na vinu nilivyovifufua mnavijua. Sijutii kwenda na sijutii kufuta viatu vya watu, hilo nalisema nikiwa nimesimama. Ninachokijutia ni yale macho ya mzee pale kibandani, aliposhusha mikono yake mitupu kwa sababu mimi nilikuwa nashughulika na adabu yangu. Nimekula kiapo kwamba jambo lile halirudiwi: mtu mkubwa akinyoosha mikono kunisaidia, awe na umri gani, kiatu kiwe na harufu gani, nampa, na aibu nitaionea nyumbani kwangu.